Aciro wa Beseni la Mlangoni

Ndugu na majirani mliofika, maisha ya mtoto huyu ni mafupi, hayatawachosha.

Aciro Monika alizaliwa Jumamosi tarehe 6 Machi 2021, hapa Kampala, mtoto wa kwanza wa Bwana Ojara, askari polisi, na Bi. Juliet. Aciro kwa Kiacholi ni "nimevumilia". Jina alilitoa bibi yake mzaa baba, Filda, kwa sababu mama alishikwa na uchungu siku mbili.

Alipofika miezi mitatu akawa ananyonya huku jasho linamtoka, na madaktari wakaona tundu kwenye moyo. Walimweleza Filda, maana ndiye aliyembeba kliniki, kwamba damu inazidi kwenye mapafu na kinga ya mwili ni ndogo. Mafua yanayompita mtoto mwingine, kwake yanashuka kifuani. Alilazwa mara saba kwa nimonia. Upasuaji ulipangwa mara tatu, na mara tatu, siku ikikaribia, kikohozi kinarudi, nao wanarudishwa nyumbani.

Ndipo Filda akaweka beseni la maji na sabuni mlangoni, kule kwenye kambi ya polisi wanakoishi. Asiyenawa haingii. Mwenye mafua anasalimia akiwa nje. Jirani yao Rehemah alimtania, "Mama Ojara, hata langoni kwa polisi mtu hasachiwi hivi."

"Langoni wanatafuta bunduki. Mimi natafuta mafua."

Aciro naye akajifunza. Katekista Ogwang alipokuja kumwombea, mtoto alimzuia. "Umenawa?"

"Nimetoka kanisani, mama."

"Kanisani kuna sabuni?"

Katekista alirudi kunawa.

Shule alisoma siku kumi na moja tu, chekechea, Februari mwaka huu wa 2025. Alipenda kupaka rangi. Kikohozi kikamtoa.

Mara ya nne upasuaji ulipangwa uwe Jumatatu tarehe 16 Juni. Tarehe 9 alianza kukohoa. Filda alimgusa paji la uso, akalikuta baridi. Akasema, hana moto, tukimpeleka wataahirisha upasuaji tena. Akangoja. Jumatano asubuhi mbavu zilikuwa zinaingia ndani akivuta pumzi, wakakimbia naye hospitali. Daktari alisema mwili uliochoka hivyo huweza kukosa hata nguvu ya kupandisha homa. Filda ameomba hili lisomwe, ili mwenye mtoto kama huyu asingoje moto.

Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi, mikononi mwa bibi yake.

Tangu siku hiyo watu wanakuja. Beseni bado lipo, hakuna aliyekumbuka kuliondoa, na kila mtu amenawa kabla ya kuingia. Rehemah alikuwa na mafua. Alisimama nje, akalia huko huko nje, mpaka Filda alipotoka kumshika mkono.

"Ingia tu, dada. Sasa ingia."

Aciro ameacha baba, mama, mdogo wake Kidega wa miezi minane, na bibi yake.

Bwana ampokee. Apumzike kwa amani, bila kukohoa.