Diski ya Kliniki ya Daktari Kanagaraj

VASUKI: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

HAZWAN: Ni mimi, Hazwan. Natumia simu ya mwenzangu wa kazini, yangu ililowa ikafa. Habari za Kuala Lumpur, mwalimu?

VASUKI: Salama. Niko chumba cha walimu, nasahihisha. Ila jana ulinitia wasiwasi, bwana wewe. Nakutumia picha ya diski ya kompyuta ya kliniki ya baba nilivyoiponda, nangoja unisifu, unauliza tu iko wapi, halafu kimya mpaka leo.

HAZWAN: Ningekusifu nini? Ulichoponda ni bati.

VASUKI: Bati gani? Niliifunga kwa taulo nikaitwanga na mchi wa jiwe wa mama. Taulo lenyewe lilitoboka.

HAZWAN: Gamba umelikunja vizuri, sikatai. Lakini ufa uliishia pembeni. Vile vipande vyeusi vya ndani, vyenye kumbukumbu, vilikuwa vimekaa palepale vinakutazama.

VASUKI: Lakini nilishafuta kwanza. Mafaili yote ya wagonjwa, na lile pipa la taka nikalimwaga.

HAZWAN: Kwenye kompyuta kuukuu kama ile? Uling'oa vibao vya majina milangoni tu. Wenyewe walikuwa bado wamelala ndani.

VASUKI: Na mimi nikampa Yap aondoke nayo.

HAZWAN: Yap wa vyuma chakavu, mwenye lori la kipaza sauti. Ndivyo ulivyoniandikia. Basi nikatoka.

VASUKI: Ukatoka wapi?

HAZWAN: Kazini. Nilimwambia msimamizi tumbo linanisokota. Nikapanda pikipiki mpaka kwa Yap kule Menglembu, na mvua ya huku kwetu Ipoh unaijua, haikupi nafasi hata ya kuvaa koti.

VASUKI: Hazwan, jamani.

HAZWAN: Subiri. Yap alinipokea vizuri, akanionyesha mlima wa mafeni na masufuria ya umeme, akasema nitafute mwenyewe. Nikafukua, nikafukua, nikakutana mpaka na feni ya kliniki, ile iliyokuwa ikilia kama paka. Diski hakuna. Ndipo akakumbuka kwamba vya kompyuta huchambua mkewe, kule uani.

VASUKI: Mkewe anajua kompyuta?

HAZWAN: Anazifufua na kuziuza. Naingia, diski yako iko mezani, imevuliwa gamba, imechomekwa, na taa inawaka.

VASUKI: Mungu wangu. Ikafunguka?

HAZWAN: Bila kinyongo. Ana programu ya kurudisha vilivyofutwa. Majina yalikuwa yanapanda kwenye kioo, moja baada ya—

(mtandao unakwaruza)

VASUKI: —alisoma? Hazwan, nakuuliza, alisoma?

HAZWAN: Alisema ya watu hayamhusu, anataka tu kujua kama diski ni nzima. Nikamwambia hao ni wagonjwa wa Daktari Kanagaraj. Mkono ukasimama. Kumbe daktari ndiye aliyemuuguza mama yake mpaka mwisho. Akachomoa waya mwenyewe, mimi sikugusa.

VASUKI: Akakupa hivihivi?

HAZWAN: Alikuwa na mteja anaisubiri. Nikamwachia diski mpya, nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya laptopu yangu. Usianze, sitaki kulipwa.

VASUKI: Sijasema kitu. Na sasa iko wapi? Maana nyumbani kuna spika kubwa ya baba, tungeiweka juu ya sumaku—

HAZWAN: Sumaku kwa diski ya aina hii ni sawa na kuisomea gazeti. Hiyo ni dawa ya zile za zamani zilizokuwa zinazunguka.

VASUKI: Basi tungeijaza upuuzi, uandike juu yake mpaka ifurike.

HAZWAN: Ina vyumba vya akiba kwa nyuma ambavyo haikuonyeshi. Utajaza sebule, uani kutabaki vilevile. Mimi niliiamuru ijifute yenyewe, ina amri yake ya ndani inayofagia hadi kule nyuma. Nikakagua, tupu. Bado roho haikutulia, nikarudi nayo kazini, nikaitia kwenye mashine yetu ya kusaga.

VASUKI: Ikawa unga?

HAZWAN: Chengachenga, ndogo kuliko za mchele. Nilisimama pale mpaka ya mwisho ikadondoka. Msimamizi akaja kuniuliza tumbo limeponaje.

VASUKI: (anacheka) Ukamjibu nini?

HAZWAN: Kwamba ndiyo kwanza limepona.

VASUKI: Unajua, ungenipigia tu. Ningempigia Yap, angeifungia kabatini mpaka Jumamosi.

HAZWAN: Nilifikiria heshima ya daktari.

VASUKI: Ndiyo. Tangu afunge kliniki, baba kila asubuhi, kabla hata ya kahawa, ananipigia kuniuliza kama nimeyamaliza yale ya wagonjwa. Aliwaahidi watu wake kwamba siri zao hazitatoka. Nami namjibu ndiyo kwa kujiamini kabisa. Usije ukamwambia haya.

HAZWAN: Nimwambie ili iweje?

VASUKI: Mkeo Salwani hajambo?

HAZWAN: Hajambo. Hajui nilikokwenda jana. Anadhani mvua ilinikuta narudi nyumbani.

VASUKI: Mwache adhani.

HAZWAN: Vasu. Wewe ulipokuwa unafuta... ulifungua lolote?

VASUKI: Hata moja.

HAZWAN: Sawa. Nilikuwa nauliza tu.

VASUKI: Ila zamani, wakati wa likizo, nilikuwa nafagia uani mwa kliniki jioni. Kuna watu walikuwa wakija kwa mlango wa nyuma, wa mbele ukishafungwa. Wengine hata kofia ya pikipiki hawakuvua. Baba hakunitajia mtu, nami sikumuuliza.

(mtandao unakwaruza)

VASUKI: Hazwan? Upo?

HAZWAN: Nipo.

VASUKI: Nasema sura sikuziona.

HAZWAN: Nimekusikia. Ahsante.

VASUKI: Ahsante ya nini, na wewe ndiye uliyelowa? Jumamosi nikija nakula kwenu. Mwambie Salwani anipikie ule samaki wake wa ukwaju.

HAZWAN: Atafurahi. Kila siku anakutaja. Sasa huyu mwenye simu ananikodolea macho, na salio lake linalia—

VASUKI: Mpe simu yake basi, usimmalizie.

HAZWAN: Msalimie daktari. Mwambie—

VASUKI: Nimwambie nini?

HAZWAN: Mwambie watu wake wote wako sala—

VASUKI: Haloo? (simu imekatika) Haya. Nitamwambia.