Alama Zilikuwa za Dada Yetu

Waombolezaji wenzetu, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, na mkinisikia napaza sauti msidhani ni majonzi peke yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akasoma hapa hapa mjini hadi kumaliza sekondari mwaka 1970, na tangu utotoni alikuwa haondoki kwenye gramafoni ya baba, akisikiliza swing, ile jazi ya bendi kubwa za kudansi za miaka ya thelathini na arobaini, akiipa kila santuri alama, kuanzia moja hadi kumi, tena alikuwa mchoyo wa alama huyo!

Mwaka 1973 aliajiriwa redioni kuandaa kipindi cha muziki cha Jumapili, yeye akisikiliza santuri na kuandika maoni na alama, mtangazaji akizisoma hewani kana kwamba masikio ni yake, na dada alipolalamika, bwana huyo akamjibu kwamba watu wanataka sauti, hawaulizi nani kasikiliza. Dada hakusahau.

Juni 1981 akaandika kwa makusudi kwamba mpiga tarumbeta katika santuri moja anarudia kipande kimoja mara nne kwa ustadi wa ajabu, alama tisa, akijua fika kwamba kurudia huko ni mkwaruzo wa santuri yake ya nyumbani, bwana mkubwa akasoma kwa mbwembwe zote, akaweka santuri ya redio isiyo na mkwaruzo, tarumbeta ikapita mara moja ikaenda zake, mji mzima ukamcheka. Kesho yake dada akafukuzwa kazi kwa uzembe, na mwaka uliofuata bwana yule akatuzwa kuwa mchambuzi bora wa muziki.

Dada akarudi kwenye cherehani ya baba, akaolewa tarehe 4 Desemba 1982 na fundi umeme, shemeji yetu huyu hapa, wakajaliwa mabinti wawili.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2017, akiwa wodini akasikiliza kipindi cha kumuaga mtangazaji wake aliyestaafu, akampa alama mbili, moja ya sauti na moja ya kuthubutu, na alfajiri ya tarehe 2 Agosti 2019 akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia matarumbeta, na wafanyakazi wenzake wote wa redio isipokuwa mmoja, aliyeketi safu ya pili na hotuba mkononi. Mzee, irudishe mfukoni, kwa maana marehemu aliusia ipigwe santuri yake, ile ile yenye mkwaruzo, na tarumbeta ikirudi mara ya nne, simama uwaambie watu yalikuwa masikio ya nani.

Pumzika kwa amani, dada, huyu tuachie sisi.