Bi Honorina Tlapale na Mkia wa Mwewe

Baada ya miaka thelathini na minne katika Hifadhi yetu ya Nyaraka hapa Tlaxcala, Bi Honorina Tlapale anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Julai. Mimi nilistaafu kabla yake, na madaktari wameniambia nisipange mambo ya Krismasi. Niliomba niandike wasifu huu mwenyewe, maana yaliyomo hakuna mwingine anayeyajua.

Aliajiriwa kufuta vumbi na kutoa karatasi ghalani. Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa hapa tangu kabla ya Wahispania, alikipata kwa mama yake; sisi wasomi tulikipata darasani. Katika orodha za enzi ya Wahispania, kila kichwa cha mtu kimechorewa jina lake kwa picha, na mara nyingi jina ni ndege: Kware, Bundi, Tai. Bi Honorina aliwatambua kama majirani. Profesa mgeni aliwahi kumsifia kasuku wa ukurasa fulani. "Huyo bata mzinga, Profesa," akamwambia, "ila leo kapendeza." Chumba kizima kilicheka, profesa akiwemo. Faharasa ya ndege ambayo kila mtafiti huanza nayo ni kazi ya mkono wake, ingawa haina jina lake.

Miaka kumi na tisa iliyopita, vijiji viwili viligombania chemchemi. Ramani ya kale ilionyesha kichwa cha mwenye chemchemi, na ndege juu yake. Kijiji kimoja kilitokana na mtu aliyeitwa Tai. Kingine, kwao Bi Honorina, kilitokana na mtu aliyeitwa Mwewe. Mahakama iliniuliza mimi, mtaalamu wa Hifadhi, ndege yule ni yupi.

"Daktari, kunjua hapo kwanza," aliniambia. "Mkia umejificha kwenye kunjo. Umegawanyika, una panda. Huyo mwewe."

"Bi Honorina, kwenu hata kuku ni mwewe," nilimjibu mbele ya wenzake.

Walicheka. Sikukunjua. Niliandika: tai.

Kijiji chake kikapoteza chemchemi. Wiki mbili baada ya hukumu nilishuka ghalani peke yangu, nikakunjua. Mkia ulikuwa na panda, kama mkasi uliofunguliwa. Nikaikunja karatasi, nikapanda juu, nikanywa kahawa aliyoniandalia yeye. Niliogopa kuchekwa. Sina sababu nyingine.

Mama yake, Bi Fidencia, aliteka maji bondeni hadi miguu ilipomkatalia. Nilikwenda mazikoni kwake. "Kula, Daktari, umetoka mbali," Bi Honorina aliniambia, akanipa kiti chake. Hakuwahi kuniuliza lolote. Ila kila alipomletea mtafiti ramani ile, aliikunjua yote mezani kabla hajaondoka.

Jumatatu nilitia sahihi tamko mbele ya wakili: ndege yule ni mwewe, na aliyemtambua ni Honorina Tlapale. Nakala moja iko mahakamani, nyingine kwa wazee wa kijiji. Wakili anasema huenda kesi isifunguliwe tena.

Nilimsomea tamko hilo kwa simu.

"Ungewahi miaka minne tu, Daktari," alisema, "mama angelisikia."

Bi Honorina, wenzako wanakushukuru kwa mikono yako ambayo haikuchana hata karatasi moja. Mimi nakushukuru kwa kiti kile, ambacho sikustahili kukikalia. Nenda kapumzike kwa afya, uishi miaka mingi, na maji ya chemchemi yarudi kijijini kwenu ukiwa hai kuyachota.