Cheti cha Isimu na Ng'ombe wa Mzee Barnaba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye furaha, na asifiwe pia na mimi niliyekuja hapa mbele miguu ikiwa mizito. Naitwa Yeremia, mkulima wa Titye. Mchungaji ameniomba niseme na vijana wanaotaka kwenda kusomea lugha, maana katika kanisa hili mwenye cheti hicho ni mimi peke yangu. Nitasema, ila sidhani kama ndiyo mliyotazamia.

Mnanijua. Wageni wakija kuhubiri, mimi ndiye niliyewafasiria wazee kwa Kiha. Mlinisifu, na sifa zikanipanda kichwani! Nikasikia kwenye kambi ya wakimbizi wanatafutwa wakalimani, na kwamba mwenye cheti cha isimu, yaani elimu ya lugha, analipwa kumzidi mwalimu. Nikakaa na mke wangu Edina tukapiga hesabu. Ada, chumba cha kupanga mjini, chakula, nauli. Upande wa pili nikaweka mshahara wa mwaka mmoja tu, na hesabu ikatoka nzuri mno. Tatizo lilikuwa pesa ya kuanzia.

Edina akaniona natazama zizini. Akasema, "Yule hapana, Baba Neema. Yule si wetu wa kuuza."

Ndugu zangu, Mzee Barnaba na familia yake walipovuka kutoka Burundi hawakuwa na hata sufuria. Baba yangu aliwapokea, wakakaa kwetu misimu miwili. Baadaye Barnaba akapata uraia, akahamia Gwarama, akalima na kufanikiwa. Baba alipofariki, Barnaba aliniletea ng'ombe juu ya Fuso ya maharage. Alikuwa jike jekundu mwenye paji jeupe, jina lake Bihogo. Desturi yetu mnaijua: ng'ombe wa kugabiwa, yaani wa kupewa zawadi, ndiye undugu wenyewe. Hauzwi bila aliyempa kuambiwa, na ndama jike wa kwanza hurudi kwake.

Mimi nilimwuza mnadani Kasulu akiwa na mimba ya kwanza! Simu sikupiga. Nikajidanganya kwamba nikishaajiriwa nitamnunulia mzee wawili.

Nilikuwa na wiki chache tu chuoni Mzee Barnaba aliponipigia. "Mwana wanje, mwanangu, Bihogo hajambo?"

Mdomo ukanitangulia. "Alikufa, baba. Ugonjwa. Daktari wa mifugo alituamuru tumfukie na ngozi yake."

Akasema, "Pole. Kama kuna neno lingine, utaniambia."

Tangu hapo kila tulipoongea aliuliza, "Hakuna neno lingine?" Nami nikamjibu hakuna, kwa Kiswahili safi cha darasani. Mungu anisamehe!

Nikamaliza masomo. Uongo nimeuacha, kwa hiyo lazima niseme kwamba yalikuwa matamu. Nilifundishwa kwamba Kiha chetu, ambacho shuleni tulichapwa kwa kukisema, kina utaratibu wake kamili kama lugha yoyote ya wakubwa. Siku ile nilitoka darasani nikalia. Lakini nilipofika kambini na cheti changu, wakimbizi wengi walikuwa wanarudi kwao, na kazi zilizobaki zilikuwa za siku mbili tatu. Kijana mmoja Mkongomani, mkalimani asiye na karatasi yoyote, akanicheka: "Papa, weye uko na diplome, siye tuko na luga!" Nilichopata kwa miaka miwili hakikufika hata bei ya Bihogo. Nikawa mtu wa hasira. Edina alikuwa akiniwekea chakula na kurudi shambani.

Kisha ikaja simu ya msiba. Mzee Barnaba amefariki.

Nilifika Gwarama asubuhi. Ndugu zangu, kabla sijamwona mtu hata mmoja nilimwona Bihogo! Amefungwa nyuma ya nyumba, paji lake jeupe, na mtamba wake, ndama wa ile mimba, kando. Nilitamani ardhi inimeze.

Mjane wake, Mama Adela, akanifuata pale nilipoganda. Hakupandisha sauti. "Mzee alimkuta mnadani Kibondo. Mfanyabiashara alikuwa amemleta. Akamnunua, na jioni ile ile akakupigia. Wanangu walitaka wakufuate. Akakataa, akasema Yeremia atasema mwenyewe. Ukipiga simu alikuwa anatoka nje ili akusikie vizuri. Akirudi tunamwuliza, amesema? Anatujibu, bado."

Bado! Miaka yote hiyo mtu ananingoja niwe mkweli, na mimi naona nimemweza!

Nilipiga magoti mbele ya waombolezaji wote nikasema yote, mnada, mimba, ngozi, na kila nililoficha. Nilimlilia Bwana pale chini kama mtoto. Na hapo ndipo aliponifungua, ndugu zangu. Ule uongo niliokuwa nauchunga kila siku ukanitoka, nikapumua. Mama Adela akaniinua, akasema, "Chukua jembe. Wenzako wanachimba." Basi nikaenda nikachimba na wanawe, kama mwana wa nyumba ile.

Vijana, sisemi msisome. Isimu ni elimu nzuri, someni! Hesabuni ada na kodi, na muulizeni aliyetoka kambini juzi kazi zikoje, msimwulize aliyekwenda zamani. Kisha hesabuni pia watu mtakaowapoteza ili kulipia hayo masomo. Mimi niliwasahau hao, na sasa hakuna mshahara utakaonirudishia.

Namshukuru Mungu, maana yeye amenisamehe, hilo nina hakika nalo. Mwamini na wewe uliyejificha, hajawahi kumfukuza aliyekuja na ukweli. Lakini kama kuna mtu hapa duniani anayengoja neno lako, nimekuombea ruhusa kwa mchungaji: inuka sasa, mpigie, ibada itakusubiri. Mungu yupo hata kesho. Mzee Barnaba sikumkuta.