Ubao wa Nyuma

Sogeeni karibu, wanangu, Lavinia na wewe Ezra, na mfunge mlango, kwa maana Bwana Purdy bado yuko barazani na masikio yake hayajazeeka kama magoti yake. Nyumba hii ni yenu sawasawa; msiigombanie. Ninalowausia ni zile mbao zilizo chini ya kitanda changu.

Mmemsikia leo. "Silas, ndugu yangu, nipe tu hizo mbao za miguuni tuzitundike katika jumba la klabu, nami nitamwekea marehemu mkeo jiwe la marumaru." Nawe Ezra ukaninong'oneza, "Baba, mpe basi, Mama amelala kwenye nyasi tupu kama asiye na watu." Neno hilo liliniuma, mwanangu, kwa sababu ni kweli. Lakini tangu ligi ya besiboli ilipotufungia milango sisi Weusi, Purdy hajawahi kugonga mlango wangu. Leo undugu umetoka wapi?

Nilikuwa mlinzi wa kituo cha pili, Mweusi peke yangu katika timu ya besiboli ya mji huu, na Purdy ndiye nahodha. Wapinzani wakikimbilia kituo changu walijirusha miguu mbele, njumu zao za chuma zikitafuta mifupa yangu, si kituo. Mama yenu, binti wa fundi mapipa, akanichongea mbao mbili za pipa, nikazifunga mbele ya miguu. Jukwaani wakapiga kelele, "Mtazameni, kaja na uzio wa kwao!" Nikacheza.

Siku moja nikachanwa nyuma ya mguu. Mpinzani alikuwa mbele yangu. Nyuma yangu walikuwepo wachezaji wa timu yetu tu. Purdy akasema, "Pole, Silas, nimeteleza." Mama yenu aliona yote. Asubuhi yake akachonga ubao wa tatu, wa nyuma.

Utoeni, muupapase. Zote hizo ni alama za njumu. Mtu huteleza mara ngapi? Huo ndio anaoutaka, na si kwa kuutundika.

Msimpe. Lavinia, maji kidogo... Ahsante. Usimikeni kaburini kwa mama yenu. Ni mfupi, lakini ni mwaloni, na ni kazi ya mikono yake. Upande laini chongeni jina lake, Cordelia. Upande wa alama uelekee njia anayopita Purdy kwenda kanisani. Mwageni zege chini, maana simwamini.

Nipeni mikono. Mungu awe mbele yenu, wanangu... na nyuma... nyuma yenu pia.