Kifaa cha Murithi

Kwenye basi la kwenda mtaa wa Kilburn, kiti cha mbele yangu, jamaa aitwaye Murithi alikuwa akimsimulia muuguzi aliyeketi naye kuhusu kifaa cha kunasa mawimbi ya rada za polisi za kupima mwendo wa magari.

"Nilikifungisha ndani ya gari kabisa, dada. Hukioni!"

Shida ni kwamba kililia hata mbele ya milango ya supamaketi inayojifungua yenyewe kwa mawimbi kama hayo. Alipochoshwa na kelele akakizima, na wiki hiyohiyo polisi wakamnasa akienda kasi. Leseni ikaenda.

"Si ungeendesha polepole tu, kaka?"

Murithi alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu asiyejua magari. "Nikienda polepole, kifaa kitafanya kazi gani?"

"Na sasa hivi kinafanya kazi gani?"

Murithi akakohoa. Basi likasimama kituoni kwangu, nikashuka shingo upande.