Kanali Venedikt Okunev na Harage la Akiba

Leo tunamsindikiza Kanali mstaafu Venedikt Savvich Okunev, aliyezaliwa hapa Kargopol tarehe 14 Machi 1941, kitindamimba wa Savva na Matryona. Baba alikwenda vitani mtoto hajaota jino, na hakurudi. Dada yake Taisia aliacha shule darasa la nne ili amlee huyu aliyemwita Venya, na hadi leo hakuna kanali mwingine katika mkoa huu aliyeogeshwa na mikono yake.

Alianza shule mwaka 1948. Akiwa na miaka tisa aliwapanga mabata bukini wa jirani kwa safu mbili, ya kwanza ivamie bustani ya kabichi, ya pili ingoje nyuma ya ua. Kabichi ziliisha. Alichapwa, lakini alilala akicheka. Mwaka 1958 aliingia chuo cha makamanda wa vifaru, akahitimu 1961.

Alitumikia rejimenti za vifaru, miaka mitano akiwa Ujerumani, na kuanzia 1979 hadi 1991 alifundisha mbinu za vita. Wanafunzi wake wanajua wimbo wake: mizinga itangulie kuilima ardhi, wimbi la kwanza lipasue, la pili lipite kwenye ufa bila kugeuka nyuma. “Usipeleke nguvu palipokwama,” alisema, “peleka palipotoboka.” Akilisema hilo, macho yalimwaka kama tanuri.

Alimwoa Kapitolina tarehe 8 Juni 1969. Walijaliwa Ulyana na Gleb. Kapitolina alitangulia mwaka 2007, na alipoondoka hapakuwa tena na mtu wa kuketi katikati ya baba na mwana.

Mwaka 2009 divisheni nyingi zilivunjwa zikawa brigedi, na kutoka humo batalioni ikawa inatumwa peke yake, na mizinga yake na kila kitu chake. Bendera ya rejimenti ya Venedikt ilikunjwa. Gleb, wakati huo meja, alisema mezani kwamba ni sawa.

“Baba, lile jeshi lenu lilikuwa la kungoja vita vya dunia. Sisi tunaitwa asubuhi, jioni tuko njiani.”

“Nendeni,” baba akajibu. “Ila usirudi kunieleza.”

Gleb hakurudi. Miaka saba. Taisia aliona mdogo wake atakufa na kiburi chake kinywani, basi Pasaka ya 2016 akamwita Gleb bila kumwambia mwenye nyumba. Walipokaa kama maadui wawili kwenye benchi la stesheni, aliwamwagia mezani maharage na njegere.

“Haya, piganeni humo,” akasema. “Atakayeinuka kabla ya kumaliza, hapati keki.”

Venedikt alipanga kwa mapana, mawimbi mawili, kama mabata bukini wale wale. Gleb alichukua konzi moja tu, akatulia.

“Hao wa pili umewaficha wapi, baba?”

“Nyuma ya sukari. Huwaoni.”

“Nawaona tangu uanze kupanga. Kindege changu kisicho na rubani kiko juu ya chai yako.” Akafyatua njegere moja baada ya nyingine, zikawa mizinga, na wimbi la pili likatawanyika kabla halijapiga hatua.

Venedikt akausukuma mkono kwenye pengo kati ya maharage ya Gleb, akamiminia hapo kila alichobakiwa nacho.

“Una macho, una mizinga. Pengo hili atalilinda nani, bwana mdogo? Askari wako wa miguu wako wapi?”

Gleb akatazama kiganja. Kitupu. “Hapo umenishika,” akasema. “Hata kazini hapo ndipo tunapoumia.”

Mzee akaruka kitini, na goti lake bovu. “Dada, leta maharage mengine! Huyu anaona na kupiga kwa dakika! Jambo hili sisi tuliliandika darasani miaka ya themanini, wakatucheka. Mawazo tulikuwa nayo, tulikosa jicho tu.”

“Basi jicho hili ni lenu, baba.”

“Ni letu,” Venedikt akasema. “Kaa. Sasa wewe shambulia.”

Keki ililiwa kesho yake. Tangu hapo Gleb hakukosa likizo hata moja, na majirani walijua amefika kwa kelele zilizotoka jikoni.

Agosti 2018 marehemu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa, na maneno yakamtoka kwa shida. Gleb alimpangia maharage kwenye sinia kitandani. Akicheza kwa mkono wa kushoto, mzee alishinda mara mbili, na mara zote mbili alimwonyesha mwanawe harage moja alilobakiza ngumini. “Akiba,” akasema.

Alifariki nyumbani tarehe 3 Novemba 2018, alfajiri, watoto wote wawili wakiwapo. Ameacha dada yake Taisia, binti yake Ulyana na mkwewe Timofei, mwanawe Gleb na mkewe Larisa, na wajukuu watatu.

Ulyana alipomfungua vidole ili wamwoshe, harage lilikuwamo. Lingeweza kuzikwa naye. Taisia alilichukua, akaliweka katika kiganja cha Gleb, akakifunga.

Pumzika kwa amani, Venya. Wimbi la pili limefika.